Haluli Niliyompa Mayu

Mara mbili kwa wiki nalala kando ya mashine inayosafisha damu yangu, kwa kuwa figo zimegoma. Mwezi uliopita muuguzi alikuja na majibu ya maabara, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto natumia dawa gani ya tumbo huko nyumbani. Magnesiamu yangu ilikuwa juu. Akanieleza kwamba mwili hauwezi kuishi bila madini hayo. Yakipungua, misuli hukaza na moyo hupiga ovyo. Lakini figo zikiharibika hakuna wa kuyatoa yakizidi, na mtu hulegea, husinzia, hata pumzi humwisha. Akanitajia dawa za kukaa nazo mbali. Ya kwanza ilikuwa haluli, chumvi ile ya kuharisha.

Niligeukia ukutani. Alidhani nimechoshwa na maelezo.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mke mpya katika kijiji kimoja upande wa Bariadi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jambo lililonivimbisha kichwa, na kijiji kikanipa darasa la kisomo cha watu wazima. Nilifundisha alasiri katika ghala la pamba, nikiwa na kipande cha chaki na ukali usio na sababu. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa mama mkwe, ambaye nilimwita mayu, yaani mama. Asubuhi nilimpigia magoti kumsalimu. Alasiri nilimsimamisha mbele ya watu asome "jembe" na "pamba". Nilifurahia hilo kuliko inavyofaa kusema.

Mayu akaanza kuvimba miguu na uso. Mume wangu akampeleka hospitali, wakarudi na vidonge na cheti. Daktari aliwaambia figo zimeharibika, na kwamba mengine ameyaandika. Nyumba nzima ikanitazama mimi. Cheti kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu na majina ya wanyama. Ningesema tu sijui. Mwalimu wa shule alikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Badala yake nilikishika, nikakohoa kidogo, nikasoma: apumzike, ameze vidonge, apunguze chumvi ya mboga. Nilibuni yote, kwa sauti ile ile ya darasani.

Wiki chache baadaye tumbo lake likafunga. Kwetu tumbo likifunga dawa ni haluli, na mimi nilikuwa na kopo lake, nimelinunua dukani Bariadi. Mayu akasita. Aliniuliza kwa Kisukuma, "Mwanangu, cheti kinasemaje kuhusu haluli?"

Nilikifungua. Palikuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari.

"Kimeruhusu, mayu," nikasema.

Nilimkorogea asubuhi na jioni, siku tatu. Siku ya nne hakuweza kuinua kikombe. Kope zilimlemea, na maneno yakamtoka moja moja. Tulimpakia kwenye lori la pamba, kichwa chake mapajani mwangu. Hospitalini daktari alikisoma cheti, akauliza ni nani amempa huyu mama haluli wakati yeye ameikataza na kuipigia mstari.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Niliogopa kurudishwa kwetu, na, Mungu anisamehe, niliogopa zaidi kuchekwa na wanafunzi wangu. Hata sasa naona haya kuandika sentensi hiyo, maana mama wa watu alikuwa anakata roho mbele yangu.

Mayu alifumbua macho. Alisema kwa Kiswahili, kile nilichomfundisha, ili daktari naye aelewe: "Nilikunywa mwenyewe. Huyu alinisomea vizuri. Mimi sikusikia."

Alifariki kesho yake. Msibani mume wangu aliwasimulia wageni kwamba mama yake alikuwa mkaidi, alisomewa cheti akapuuza. Wanawake wakanishika mkono, wakanipa pole kwa jinsi nilivyojitahidi. Niliwaitikia ahsanteni, mmoja mmoja, nikaendelea kugawa uji.