Dagaa wa Mama Katika Makala Yangu ya Kwanza

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri na uegemee kitu, maana mimi nikieleza jambo huanzia mbali. Nyumbani Ukerewe walikuwa wakiwaonya wageni: "Huyu msimuulize njia ya sokoni, mtafika soko limefungwa." Akili yangu ndivyo ilivyo. Haiwezi kuruka hatua, haivumilii kelele mbili kwa pamoja, na neno la uongo, hata dogo, hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku hizi wataalamu wana majina ya akili za namna hii. Wakati ule jina lilikuwa moja tu: msumbufu.

Tena polio iliuchukua mguu wangu wa kushoto nikiwa mdogo, kwa hiyo natembea na chuma kilichofungwa kwa mikanda ya ngozi. Na jambo la mwisho, ambalo nitakueleza taratibu: nilipozaliwa walisema ni binti, nami nilipoanza kujijua nikajua ni mvulana. Nilipohamia Mwanza mjini nikavaa shati na suruali, nikaishi kama mwanamume, basi.

Miaka ile ya tisini magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kila kona. La kwetu lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, na mhariri wake alikuwa mtu wa Bukoba aliyepiga pasi hadi leso yake. Siku aliyoniajiri alitazama cheti changu cha shule, chenye jina la kike, akanitazama mimi, akakitazama cheti tena. Nilimweleza kwa saa nzima. Mwishoni akasema, "Kijana, inatosha, nimeelewa tangu dakika ya tano. Hebu yaandike hayo. Wasomaji wamechoka kusoma bei ya sukari."

"Niandike yapi, mzee? Ya mguu, ya akili au ya kuitwa binti?"

"Yote. Ukurasa mmoja."

Nikaandika. Nilianza na chuma cha mguu, skrubu moja baada ya nyingine, nani alizikaza na kwa nini ile ya saba hulegea wakati wa masika. Mhariri akasoma, akavua miwani. "Ukurasa umeisha na bado tuko kwenye kifundo cha mguu. Wewe mwenyewe unaingia lini?"

Ya pili nikaandika ya kuliza watu. Eti nilikuwa nikilitazama ziwa nikitamani kuruka kama ndege. Mhariri akauliza, "Huyu ni nani?" Hata mimi sikumjua. Mimi naogopa hata ngazi ya ofisini.

Ya tatu nikaandika kweli tupu. Akaisoma mara mbili bila kuvua miwani. "Hii inatoka Jumamosi," akasema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama. Alikuwa Nansio, kule kule Ukerewe, na nilikuwa sijawahi kumwambia kwa kinywa changu kwamba mimi ni mwanamume. Gazeti letu likifika kule, mwenye duka la chumvi alilisoma kwa sauti barazani, kuanzia kichwa cha habari hadi matangazo ya mabati, na nusu ya mji ilisikiliza. Mama angelisikia jambo hilo kutoka kwa muuza chumvi. Nikamwambia mhariri: mama akikataa, makala haitoki. Akasema makala isipotoka, safu hiyo anampa mtu wa unajimu.

Jumatano nikapanda meli.

Nilimkuta mama ufukweni akigeuza dagaa pamoja na majirani zake wawili, wanawake walionibeba mgongoni kabla sijapata chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda hivyo! Huko mjini mnakula karatasi?"

"Nimekuja kukusomea kitu nilichoandika."

"Soma. Mikono ina kazi, masikio hayana."

"Kwanza nieleze kidogo..."

"Jamani, anaeleza," akasema jirani wa kwanza. "Mwenye kwenda kuchota maji aende, atatukuta hapa hapa."

Nikasoma. Nilipofika pale penyewe nikasoma polepole: "Mimi ni mwanamume. Nilikuwa hivyo tangu nikitambaa mchangani, katikati ya dagaa wa mama."

Mama akasimama. Mikono ikabaki hewani.

"Rudia."

"Mimi ni mwanamume..."

"Siyo hapo. Mwisho."

"...nikitambaa mchangani, katikati ya dagaa wa mama."

"Mchangani?"

"Mchangani, mama."

"Unataka kunizika! Gazeti zima lijue dagaa wangu wameanikwa mchangani?"

Ngoja nikueleze, kama si mtu wa ziwani. Dagaa wa mchangani hulia katika meno, na mnunuzi akiwashuku huenda zake. Wa juu ya mawe ndio wanaotafutwa. Mama alikuwa ameacha mchanga miaka mingi, na sifa ya dagaa wake ilifika mpaka Buswelu, kule Mwanza.

"Tena mtoto katambaa humo humo," akasema jirani wa kwanza.

"Na nepi hakuwa nayo," akaongeza wa pili.

"Mama," nikasema, "na lile lingine?"

"Lipi?"

"La kuwa mwanamume."

Akachuchumaa tena, akageuza dagaa. "Kila gauni nililokushonea uliligeuza wavu. Ulidhani sioni? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ningeuliza mimi, ungenieleza mpaka mvua za vuli."

"Watu watasema, mama."

"Watasema. Wakija kusemea hapa, wanunue dagaa kwanza. Sasa futa mchanga, andika mawe."

"Siwezi. Siku zile uliwaanika mchangani."

"Andika mawe, wewe mtoto!"

"Mama, hayakuwa mawe."

Jirani wa pili alicheka mpaka akakaa juu ya dagaa. Tulibishana hadi meli ikapiga honi. Mwisho mama alinitamkia sentensi yake, nami nikaiandika neno kwa neno: siku hizi anaanika juu ya mawe, na asiyeamini aje atafune.

"Hii ni makala au tangazo?" mhariri aliuliza Alhamisi. Lakini aliichapa yote.

Barua zikaja. Nyingine zilikuwa za matusi, na mhariri alizifungia maandazi. Moja ilitoka Sengerema, kwa mtu aliyesema naye ana mambo yake mwilini na akilini, anataka kuyaandika, ila hajui aanzeje kwa mama yake. Nilimjibu kurasa nne. Mhariri alifuta karibu zote, na yaliyobaki nakupa na wewe, maana huenda yakakufaa: andika kweli yako kwenye karatasi moja, nenda kwa mama mchana akiwa kazini, chukua kalamu ya kuandika atakachoongeza, msomee kwa sauti mpaka mwisho, kisha nyamaza mpaka aseme yeye.