Swichi za Ukutani

Gatwiri alitoka darasani saa kumi, vumbi la chaki mikononi, akateremka hadi kwa Ndwiga, fundi wa stima pale Nkubu. Kila Ijumaa alikwenda Embu kumuuguza mama yake, akarudi Jumapili. Binti yake Kendi alikuwa chuoni. Nyumbani walibaki kuku, na samaki saba wa marehemu mumewe Kinoti. Samaki hao hakutaka wafe.

Ndwiga alipanga mezani taima tatu, vifaa vya kuwasha na kuzima taa kwa saa.

“Hii ya kuzungusha, stima ikipotea nayo inasimama. Ikirudi, inaendelea pale ilipoachia. Na kwetu mvua ikitisha tu, unajua.”

Gatwiri alijua. Wiki moja tu, na taa ya samaki ingekuwa inawaka usiku wa manane.

“Na hii ya simu?”

“Inataka intaneti. Utauguza mama au utauguza simu? Chukua hii ya namba. Ina betri ndani, haisahau saa. Taa iwake saa nne, izime saa kumi na mbili. Ikizidi hapo, maji yatageuka kijani kama mboga ya sukuma.”

“Pampu ya hewa je?”

“Hiyo usiiwekee taima. Samaki hapumui kwa ratiba, mwalimu! Iache ukutani, iende mchana na usiku.”

Alikipenda kifaa hicho kwa sababu hakikuhitaji kubembelezwa. Tangu mazishi alikuwa amechoka kuomba. Peninah, jirani yake, alikuwa na ufunguo wa jikoni, ambako chakula cha kuku kilikaa. Gatwiri alimtajia kuku tu.

Jumapili saa kumi alifungua mlango akakuta kimya. Tangi lilikuwa giza. Samaki sita walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, wakivuta hewa. Wa saba, yule mkubwa ambaye Kinoti alimwita Chifu, alielea kwa ubavu.

Taima ilionyesha saa sawasawa. Lakini ukutani swichi zote zilikuwa zimezimwa: ya taa, ya pampu, hata ya redio. Gatwiri akazibonyeza. Mapovu yakaanza kupanda. Akakaa sakafuni na koti lake la safari.

Peninah aliingia na mayai kwenye kikapu.

“Mama Kendi, ulisahau kuzima! Nikasikia kitu kinanguruma peke yake, nikasema, huyu mama uchovu utamchomea nyumba.”

Gatwiri hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe alifundisha darasa la nne hivyo hivyo: ukitoka nyumbani, zima ukutani.

“Ile inayonguruma ndiyo inayowapa hewa,” alisema.

Peninah akasogea kwenye kioo. Alipomwona Chifu, kikapu kikashuka polepole hadi mezani.

“Ni wa Baba Kendi huyu?”

“Ni wake.”

“Ai! Mbona hukuniambia? Kuku wako nawalisha, ningeshindwa na samaki?”

“Nimechoka kuomba, Peninah.”

Peninah alichukua upawa jikoni akamtoa Chifu, akamfunga kwa gazeti kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mkate. Kisha akavuta kiti mbele ya tangi.

“Haya, nionyeshe. Swichi gani haiguswi?”

Gatwiri akainuka, akaanza na ya pampu.