Bendeji ya Tumboni

Wallahi nilijitakia mwenyewe. Tezi dume iliponivimba hata kukojoa kukawa taabu, nilikubali ile tiba ya kupitisha mrija kwenye njia ya haja ndogo, bila kupasuliwa. Lakini majirani wa Mtopanga walipokuja kunijulia hali na supu ya pweza, niliona haya kusema mrija ulipita wapi. Nikajifunga bendeji tumboni, nikawasimulia kisu kwa madoido.

Jirani yangu Mzee Salimu, mwenye ugonjwa uleule, akasukuma bakuli lake la supu kando. "Basi mimi hospitali siendi. Heri nife na tezi yangu."

Mke wangu akaivuta bendeji mbele ya wageni wote. "Haya, Mzee Salimu, tazama! Hana hata mkwaruzo."

Mzee Salimu akavaa miwani, akainama, akanikagua tumbo zima. "Sasa, ndugu yangu, walipitia wapi?"