Hakuna Mstari Ulionyooka Angani

Kwa mujibu wa waraka wa Mkurugenzi, uliobandikwa ubaoni karibu na ndoo za mchanga wa kuzimia moto, maumbile hayachori mistari iliyonyooka. Kwa hiyo, waraka uliendelea, mstari wowote ulionyooka utakaoonekana katika picha ya mawingu ni kasoro ya mitambo, si hali ya hewa, na hautaruhusiwa kutoka nje ya jengo. Watumishi wote walitakiwa kuusoma na kuuzingatia. Wengi waliusoma huku wakisubiri maji ya chai yachemke, na kuzingatia kwao kukaishia hapo.

Waraka ulikuwa na chanzo chake. Katika taarifa ya habari ilionyeshwa picha ya setilaiti yenye mstari mweupe uliokatiza nchi kutoka mpaka hadi mpaka. Mheshimiwa waziri akapiga simu kuuliza kama ile ni barabara mpya, na kama ni barabara, mbona hakualikwa kuizindua.

Wa kuutekeleza waraka alikuwa mtu mmoja tu, Baba Pacha, aliyefanya kazi katika chumba kisicho na dirisha hata moja. Huko ndiko idara ya hali ya hewa ilikoona panafaa kumweka mtu wa kuangalia anga.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba aieleze hadi mwisho. Setilaiti ilikuwa na safu ya macho yaliyoitazama dunia kwa pamoja, kila jicho likichora mstari wake chini ya mwenzake, kama wanafunzi wanaofyeka uwanja bega kwa bega. Macho hayo hayakuona rangi, yalipima joto. Palipo baridi palitoka peupe, maana vilele vya mawingu mazito ni baridi, na penye joto palitoka peusi. Ili yasije yakadanganya, kila mara yalionyeshwa bamba jeusi ambalo joto lake linajulikana, na kila jicho likatakiwa kusema limeonaje. Lililokosea, Baba Pacha alilirudisha kwenye mstari kwa hesabu.

Shida ilikuwa jicho la saba. Bamba ambalo wenzake wote walikubaliana kuwa lina joto, lenyewe lilisikia baridi. Leo baridi kidogo, kesho baridi kali, keshokutwa limepona, siku inayofuata limezidiwa. Kila lilipozidiwa, mistari yake ilitoka myeupe kuliko ya majirani, na nchi nzima ikaonekana imevaa fulana ya mistari. Ofisini walilipa jina la Shemeji, kwa sababu lililalamika saa zote na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuliondoa.

Kwa miaka mingi Baba Pacha alimwuguza Shemeji kwa mkono, asubuhi kwa asubuhi. Baada ya waraka, subira ikamwishia. Akaandika programu aliyoiita Wembe. Wembe ulitafuta kila mstari mweupe, mwembamba, ulionyooka kufuata upande ambao macho yanachora. Ukaunyoa, kisha ukaliziba pengo kwa wastani wa mistari ya juu na ya chini yake. Haukuuliza mstari umetoka wapi. Picha zikaanza kutoka laini kama shavu la mtoto, waziri hakupiga simu tena, na Mkurugenzi akamsifu Baba Pacha mbele ya watu kwa jina la mtumishi mwingine.

Nyumbani kwa mama mkwe sifa hizo hazikufika. Alipokwenda kuposa na kuulizwa anafanya kazi gani, Baba Pacha alijibu, kwa kutaka kurahisisha mambo, kwamba anasafisha picha za mawingu. Mama mkwe akamtazama mikono, na tangu siku hiyo majirani walijua kwamba binti yake ameolewa na mfagizi wa hali ya hewa. Hakuwa na ubaya. Kila mkwe wake alipomtembelea, alimpa kitambaa apanguse picha ya marehemu baba mkwe iliyoning'inia sebuleni, maana ndiyo fani yake. Baba Pacha alipangusa. Mkewe alishamshauri aache kupangusa vizuri mno.

Kisha paa la mama mkwe likaoza. Fundi wa mabati alisema lazima lote litoke kabla jipya halijapanda, na kwamba anataka siku moja kavu tangu asubuhi hadi jioni. Mama mkwe akamwita Baba Pacha, akamkalisha kwenye kiti kizuri, kile chenye nailoni ambayo haijawahi kutolewa, akamwuliza ni siku gani. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alikuwa ameombwa jambo asilopewa kitambaa cha kulifanyia. Akasema Jumamosi. Akasema kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Jumamosi alfajiri alifungua picha kwenye simu. Nchi yote nyeusi, safi, haina hata unyoya. Akamtumia mkewe aione. Akaenda kwa mama mkwe amevaa shati jeupe, kama mtu anayekwenda kupokea cheti.

Fundi wa mabati alikuwa juu tayari, misumari mdomoni. Aliitoa ili aseme jambo.

"Nikishayashusha haya, mzee, hapa juu tunabaki na neno lako tu."

"Linatosha," akasema Baba Pacha.

Mabati ya zamani yakashuka, yakalundikwa uani. Yalikuwa yameoza kiasi kwamba fundi aliyakunja kwa goti. Sebule ikajaa mwanga wa ajabu, na mama mkwe akaketi katikati yake, akishangaa vumbi lililokuwa juu ya kabati lake na kumtazama mkwe wake kwa namna ya kuulizia hilo pia. Makochi hayakutolewa nje. Baba Pacha mwenyewe ndiye aliyesema haina haja.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mwenzake wa zamu ofisini, dada mmoja mtaratibu ambaye hata moto ukiwaka angesema kuna kajoto.

"Baba Pacha, hapa kuna wingu limezaliwa na ndevu."

Akaeleza kwamba picha iliyopita halikuwepo kabisa, na katika hii limeenea kama lilikuwa linakula kwa siri. Baba Pacha akahisi mgongo unakuwa kama jicho la saba. Akamwambia afungue picha ghafi, ile ambayo haijapitiwa na Wembe. Akaifungua.

"Lipo tangu alfajiri," akasema dada. "Jembamba, limenyooka kama limepigwa rula. Sasa limepinda katikati na kuvimba."

"Likipinda, Wembe haulitambui. Unaliacha."

"Ndiyo hivyo. Limeachwa."

"Linaelekea wapi?"

"Kwani wewe uko wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Basi ni huko," akasema dada, na akamtakia kazi njema.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Baba Pacha alimpigia fundi kelele arudishe mabati. Fundi akamwuliza yapi, yale aliyoyakunja? Wakavuta turubai moja iliyokuwepo, wakagundua inatosha jiko. Upepo ukaja kwanza, ukaisogeza jikoni kabisa. Baba Pacha akabeba picha ya marehemu baba mkwe kifuani, akaifunika kwa shati lake jeupe, akarudi kumwomba mama mkwe anyanyuke aende kwa jirani. Mama mkwe alikuwa amejitandia nailoni ya kiti, hataki kunyanyuka. Tone la kwanza likamwangukia puani. Akalipangusa taratibu, akalitazama kidoleni.

"Hii nini, mwanangu?"

Angeweza kumsingizia Shemeji. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, na ya kitaalamu pia, ambayo hakuna mtu katika mtaa ule angeweza kuyapinga.

"Wingu lilikuwepo tangu alfajiri, mama," akasema. "Nililifuta mimi."

"Unayafuta mawingu?"

"Ya kwenye picha."

Mama mkwe akainua uso kuelekea mahali palipokuwa na paa.

"Na haya ya juu," akasema, "ukasahau."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Nyumba ilikuwa ya vizingiti virefu, imejengwa kuzuia maji ya nje yasiingie, na ikayazuia ya ndani yasitoke kwa ustadi uleule. Mama mkwe alibebwa pamoja na kiti chake hadi kwa jirani. Njiani aliwaelezea majirani waliochungulia kwamba amekosea miaka yote: mkwe wake si mfagizi hata kidogo, maana mfagizi angeliona lile wingu.

Jumatatu Baba Pacha aliuondoa Wembe, akarudi kumwuguza Shemeji kwa mkono, bamba kwa bamba, asubuhi kwa asubuhi. Mistari michache ikarudi pamoja naye. Aliandika maelezo, akaambatanisha picha ghafi. Mkurugenzi aliigeuza huku na huku, akaamua kwamba lile halikuwa wingu lililonyooka bali wingu lenye msimamo, na waraka ukabaki ubaoni.

Paa jipya lilipandishwa siku ambayo mama mkwe aliichagua mwenyewe, kwa kutoka nje na kutazama juu. Sebule ilipakwa rangi upya, isipokuwa alama ya maji iliyozunguka kuta zote nne, juu kidogo ya sakafu. Hiyo alimkataza fundi wa rangi asiiguse. Wageni wakiuliza, huwaambia ni kazi ya mkwe wake, na kitambaa amempa mtu mwingine.

Jumapili moja, watu wakiwa uani, Baba Pacha alipiga magoti sebuleni, akaipima alama ile kwa rula ya shule ya mmoja wa pacha wake, ukuta baada ya ukuta. Imenyooka.