Biasha na Mstari wa Chokaa

Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama ya Nachingwea miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga, na nilijiona msomi kweli kweli. Moja ya kazi zangu ilikuwa kumsomea kila mshtakiwa yale maneno ya onyo: huna lazima ya kusema neno ila ukipenda mwenyewe, na utakalosema litaandikwa, nalo laweza kuwa ushahidi. Niliyasoma mbio mbio, nikiwaza chakula cha mchana. Washtakiwa hawakunisikiliza, na kusema kweli hata mimi sikujisikiliza.

Aliyesikiliza alikuwa Biasha, ambaye sote tulimwita mama Fatu. Alikaanga vitumbua nje ya dirisha langu. Alikuwa Mmwera wa Mkotokuyana, darasa hakuwahi kulikanyaga, na Kiswahili chake alikiokota sokoni. Nilidhani masikio yake yako kwenye mafuta tu. Kumbe kila jioni alimsimulia mumewe kesi za siku hiyo, na kesi zenyewe zilimtia hasira.

"Mtu ameambiwa anaweza kunyamaza, naye anapayuka," alikuwa akilalamika. "Halafu anaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa."

Mumewe, Isihaka, alikuwa dereva wa lori. Alianza kwa kufyeka pori mwaka 1948, wakati matrekta mawili yalipokokota mnyororo mmoja mnene kuangusha miti. Siku moja mnyororo ulikatika, ukampiga kifundo cha mguu wa kushoto. Aliogopa kufukuzwa, akamwambia msimamizi kwamba ameteguka tu. Mguu ukapona vibaya, ukapinda kwa nje. Siku ya kupimwa ili apewe leseni alivaa buti refu, daktari akamwambia atembee hatua sita. Sita aliziweza. Ya saba ndiyo iliyokuwa ikimshinda, na bahati nzuri hakuombwa ya saba.

Akikaa kwenye usukani, mguu ule ulikanyaga klachi vizuri kuliko miguu ya madereva wengi. Nimepanda lori lake, najua. Lakini wakubwa wangejua, leseni ingekwenda na yeye angerudi kwenye jembe, kwa mguu usioweza jembe. Siri hiyo aliijua Biasha peke yake.

Alhamisi moja ya msimu wa korosho, mchana wa jua kali, Isihaka alikuwa akirudi kutoka Nanganga na shehena ya mbao. Kando yake kwenye kiti aliweka gunia la mabibo, yale matunda ya mkorosho, aliyopewa njiani. Mabibo yakaiva zaidi kwa joto, yakapasuka, yakaanza kuchacha na kunuka pombe, maji yake yakamlowesha suruali. Isihaka hakuwa malaika. Siku zake za kunywa alikuwa nazo. Lakini siku ile hakuonja hata tone.

Kwenye kuingia mjini alisimamishwa na Koplo Eustakio.

"Umekunywa wewe."

"Sikunywa, koplo. Ni mabibo haya."

"Shuka."

Kituoni koplo alichora mstari wa chokaa sakafuni, hatua kumi na mbili. Isihaka akatembea sita vizuri. Ya saba ikampeleka nje ya mstari, na ya nane ikampeleka nje zaidi. Koplo akaandika karatasi, akaisukuma mbele yake pamoja na wino wa dole gumba. Isihaka akieleza habari ya mguu, leseni imekwenda. Akikubali ulevi, imekwenda vile vile.

"Sina lazima ya kusema neno, koplo," Isihaka alijibu. "Na karatasi hiyo sikusomewa."

Koplo alimkodolea macho, akamtia mahabusu.

Asubuhi Biasha aliniita dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia yote, na habari ya mguu pia.

"Karani Tadeo, mshtakiwa anaweza kuomba apimwe mara ya pili?"

"Kuomba anaweza, mama Fatu. Kukubaliwa ni jambo jingine."

Akanishukuru, akampelekea mumewe uji mahabusu. Sikusikia walichozungumza.

Kesi ilipoitwa nilisoma yale maneno polepole, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kwa namna nilivyokuwa nikiyasoma. Koplo alitoa ushahidi wa harufu na wa mstari. Isihaka akainua mkono.

"Bwana, naomba nitembee tena sasa hivi. Nimelala mahabusu, na tumboni nina uji tu."

Bwana Shauri, Mzungu aliyesikiliza kesi siku hiyo, alimwamuru koplo achore mstari mwenyewe. Isihaka akatembea. Sita nzuri, ya saba nje, vile vile kama jana yake alipoitwa mlevi. Bwana Shauri akatoka kulinusa lori kwa pua yake. Gunia lilikuwa bado kwenye kiti, na aliporudi alikuwa akijifuta pua kwa leso. Akafuta shtaka. Kisha akaichukua leseni iliyokuwa mezani, akaishika bila kuitoa.

"Mguu huo una nini?"

Nikatafsiri. Isihaka alitazama dirishani. Nje karai la Biasha lilikuwa kimya.

"Bwana, nina lazima ya kujibu?"

Bwana Shauri akajibu, "Ulishtakiwa kwa pombe. Hukushtakiwa kwa mguu. Huna lazima."

"Basi nanyamaza."

Neno hilo nililitafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akarudishiwa leseni yake. Biasha alijifunika uso kwa kanga akalia, na mimi nikajifanya natafuta faili chini ya meza.

Saa sita Koplo Eustakio alikuja kwenye vitumbua. Hakuwa mtu mbaya, ila kushindwa kulimkaa kooni.

"Mama Fatu, sikumsingizia mumeo. Niambie tu, ule mguu una nini?"

Biasha aligeuza kitumbua upande wa pili. "Koplo, mbona unaniuliza kabla ya kunionya?"

Koplo alinitazama mimi dirishani. Nikainua mabega. Akavua kofia yake, akahema, akasema taratibu, "Huna lazima ya kusema neno, ila ukipenda mwenyewe."

"Sipendi," akasema Biasha, akampa kitumbua cha moto.