Baba Hakuusikia Mvumo

Baba yangu alikuwa fundi magari mjini Shinyanga, na watu walimfuata zaidi kwa ajili ya masikio yake kuliko mikono. Ungeingia uani kwake na gari linalogonga, angekuambia bila kuinua kichwa kwamba vali moja imelegea. Mimi, binti yake mkubwa, nilijifunza udereva kwake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alianza kukataa kushika usukani, hakusema kwa nini, nami nikawa namwendesha.

Alfajiri moja, Baba akiwa tayari kazini, dereva wa lori alituletea ujumbe kutoka Ushirombo kwamba shangazi yuko hoi na anamtaka mdogo wake.

Shangazi ndiye aliyemlea Baba. Lakini walikuwa hawajasemeshana miaka saba, tangu bibi yangu, mama yao, alipofariki na shangazi akamzika bila kumngoja Baba. Taarifa ya msiba ilimfikia Baba siku ya tatu. Shangazi alisema maiti isingeweza kukaa. Baba alisema yeye angengojwa hata kama angekuja kwa miguu. Alipopata ujumbe huu aliweka spana chini. Alifuta grisi mikononi, akavaa koti lake la kanisani, akaniambia nitie maji kwenye rejeta ya pikapu.

Tulipita Didia jua likiwa limeshachomoza. Mbele kidogo greda lilikuwa limechonga barabara siku chache nyuma, nikaongeza mwendo, ndipo nikausikia mvumo. Ulianza chini, kama mtu anayeimba amefunga mdomo, ukapanda kadiri gari lilivyokimbia.

Nikamuuliza Baba kama anasikia. Aliendelea kutazama mbele. Nikarudia kwa sauti. Akageuka akanitazama mdomoni, akasema gari ni zima, niendeshe tu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Redio yake ilikuwa ikilalamikiwa na majirani. Vijana walimwamkia njiani, akapita bila kuitikia, wakasema siku hizi anajivuna. Wateja wake wa zamani walikuwa wakipeleka magari kwingine. Niliegesha pembeni, nikamgeukia kabisa.

"Baba, tangu lini husikii?"

 Akasema sikio la kushoto lilikwisha zamani, na la kulia linalifuata. Aliniomba mama asijue. Halafu, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia gereji, akasema, "Haya, unavuma vipi? Mimi nitauliza, wewe utasikia."

Alivua kiatu akaweka wayo mtupu kwenye sakafu ya gari. Akaniambia nikimbize, kisha nitoe gia na kuliacha gari lijiendee lenyewe. Nikafanya hivyo. Mvumo ulibaki. Akasema basi injini haihusiki. Akaniambia nikate usukani kushoto kidogo, halafu kulia. Kushoto mvumo ulizidi, kulia ulififia. Nilimweleza kwa mkono, nikiupandisha na kuushusha. Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Gari likienda kushoto, uzito unalalia kulia. Ni beringi ya kulia. Na wayo unaniambia ni ya mbele."

Tulipiga jeki penye ardhi ngumu, tukaweka mawe nyuma ya matairi. Baba alichukua bisibisi, ncha yake akaigusisha kwenye springi karibu na gurudumu, mpini akauuma kwa meno. Akaniashiria nizungushe tairi. Nilizungusha. Alifumba macho, na nikaona machozi yanashuka hadi kwenye ndevu.

"Nimeisikia," akasema. "Inasaga."

Aliifungua beringi, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akanionyesha gololi mbili zilizoliwa. Mpya isingepatikana popote. Miaka ile vipuri vilikuwa vya kubahatisha. Aliishindilia grisi, akaifunga, akasema tutafika, lakini kwa mwendo wa baiskeli. Njia nzima hakuacha kutazama jua. Kahama nilipotaka tusimame tunywe chai, alikataa. Nilijua anahesabu saa, anaogopa kukuta kaburi mara ya pili.

Tulimkuta hai. Jirani aliyekuwa akimuuguza alitoka kwenda kuchota maji, tukabaki watatu chumbani. Shangazi alikuwa amebaki mifupa, midomo imeingia ndani kwa kukosa meno, sauti yake haizidi pumzi. Baba alipiga magoti, akamshika mkono. Shangazi akamtazama.

"Mdogo wangu," akasema, "bado umenikasirikia?"

Baba alikuwa anaitazama midomo ile, anajitahidi. Kisha akatabasamu.

"Ndiyo, dada," akasema. "Ndiyo."

Shangazi aliuachia mkono wake, akageukia ukutani.

Nilichelewa. Sijui ni muda gani, labda pumzi tatu, nimesimama pale kama gogo. Nilipopiga magoti na kumwambia sikioni kwamba Baba hasikii, kwamba hana hasira, kwamba amesafiri tangu alfajiri kwa ajili yake, macho yake yalikuwa yamefumba. Aliendelea kuhema mpaka jioni, lakini hakufumbua tena wala kusema neno. Jua lilipokuwa linazama, akakata roho. Sijui kama maneno yangu yalimfikia.

Baba alinifuata nje, nimeegemea ukuta.

"Aliniuliza nini?"

Nilimtazama. Koti lake la kanisani lilikuwa limepakaa grisi kifuani.

"Aliuliza kama umefika salama."

Akashusha pumzi. "Nilidhani hivyo," akasema.

Tulimzika kesho yake, na Baba ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Katika siku za matanga, kila ndugu aliyekuja, Baba alimkalisha karibu na kumsimulia jinsi dada yake, akiwa katika hali ile, alivyomuuliza kama amefika salama, na yeye akamjibu ndiyo. Alisimulia kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo wasiosikia, na watu walimpa pole na kumshukuru Mungu kwamba walipatana. Alisimulia hivyo miaka kumi na moja, hadi alipofariki. Mimi, kila alipoanza, nilikuwa nikiinuka na kwenda jikoni kutazama chai.