Rameki Awasha Taa

Mwaka 1998 nilikuwa nimeendesha lori la majani chai huko Itumbe kwa miaka kumi na minane, na kichwa kilikuwa kimevimba. Kwa hiyo Disha, binti wa mwenye duka la vipuri mjini Kisii, aliponionyesha mchezo wa kuendesha lori kwenye kompyuta ya baba yake, nilimwambia hayo ni mambo ya watoto.

Hata hivyo nikakaa nijaribu. Mwanzoni lori lilikwenda kwa kukwamakwama. Disha akaondoa vivuli, miti na mawingu, picha ikaanza kuteleza. Kisha akaniuliza nataka vitufe gani.

"Taa ziwe R," nikasema, nikimaanisha L. "Kurudi nyuma, R."

"Zote mbili R, mzee?"

Ekegusii chetu hakina L, na ulimi wangu haujawahi kuizoea. Ningenyoosha kidole tu, yakaisha. Lakini dereva mzima nilikasirika. "Taa ni hiyo niliyotaja kwanza. Kurudi nyuma ni hiyo nyingine."

Akaweka kama alivyosikia: R taa, L kurudi nyuma.

Nikashuka mlima kwa madaha mpaka kwenye handaki lenye giza, nikabonyeza L niwashe taa. Lori likarudi nyuma na kuponda gari la polisi.

Mchezo ulipokwisha, mashine iliomba jina la dereva. Nikamtajia Disha, naye akaandika. Leseni yangu inasema Lameki. Kwenye orodha ya alama iliyotokea, chini kabisa, dereva aliyeshindwa ni Rameki.